Kitanda cha mwanafunzi: kutoka kambi za Likasi mpaka vyumba vya Kasapa

Kila mwaka matokeo ya Exetat yakitoka, Likasi inajaa kelele. Watoto wanamwagiwa poda nyeupe kichwani, honi zinalia kutoka Kikula mpaka Panda, akina mama wanaimba barabarani. Wiki chache baadaye furaha ile inaingia ndani ya nyumba na kugeuka hesabu. Aliyefaulu anataka kwenda Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU. Lubumbashi iko kilomita 120 hivi kutoka hapa. Si mbali kwa safari ya siku moja, lakini hakuna anayeweza kuwa darasani asubuhi huko na kurudi kulala Likasi kila jioni. Basi baba na mama wanaanza kuulizana: mtoto atalala wapi, kwa bei gani, na kwa usalama gani?

Wengi wanaona swali hili ni shida ya leo, ya dola na makomisyoneri. Lakini lina historia ndefu, na mji wetu uko ndani ya historia hiyo. Ukiifuata utaona kwamba zamani kitanda cha mwanafunzi kilihesabiwa pamoja na masomo yake. Kilitolewa katika hesabu polepole, bila mtu yeyote kutangaza, mpaka kikabaki juu ya kichwa cha mzazi peke yake.

Nyumba iliyokuja na kazi

Tuanze hapa kwetu. Wakati mji huu ulipoitwa Jadotville, jina la Jean Jadot wa Union Minière, watu wengi hawakutafuta nyumba. Walipewa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilichoka kuleta wafanyakazi wa miezi michache waliokuja, wakaugua, wakafa au wakarudi vijijini. Ikaanza kuwapa mikataba ya miaka mitatu na kuwaruhusu waje na wake zao. Ndipo kambi za Panda na Shituru zilipokuwa makao ya familia: nyumba, posho, zahanati, mahali pa kuzalia, shule ya wamisionari.

Nyumba ile ilikuwa na faida na ilikuwa na kamba. Aliyepoteza kazi alipoteza paa siku zile zile. Mnamo Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière walipogoma kudai mshahara, huku kwetu na Elisabethville pia, walijua wanahatarisha si mshahara tu bali na mahali watoto wao wanapolala. Tarehe 9 Desemba, Elisabethville, askari waliwafyatulia risasi na watu wengi wakafa.

Hata hivyo, baada ya miaka mingi, watu walizoea. Kampuni ilikuwa baba na mama. Ikatwaliwa na serikali mwaka 1967, ikaja kuitwa Gécamines, na desturi ile haikubadilika. Mzazi wa Likasi aliyekulia kambini hakuwahi kujifunza kutafuta nyumba ya kupanga, kwa sababu hakuhitaji. Jambo hili ni la kukumbuka, kwa maana linaeleza kwa nini familia nyingi za mji huu zilifika katika soko la vyumba la Lubumbashi bila uzoefu wowote.

Chuo kinafunguliwa, 1956

Chuo kikuu cha Elisabethville kilianzishwa mwaka 1955 na kuanza masomo mwaka 1956. Kiliitwa Chuo Kikuu Rasmi cha Kongo ya Wabeleji na Ruanda-Urundi. Lovanium, cha wakatoliki, kilikuwa kimetangulia Léopoldville mwaka 1954. Wanafunzi wengi wa mwanzo wa Elisabethville walikuwa watoto wa Wazungu. Wakongo walikuwa wachache.

Kwa wale wachache kitanda cha chuo hakikuwa starehe. Elisabethville ilikuwa mji uliogawanywa kwa rangi. Upande mmoja mji wa Wazungu, upande wa pili mitaa ya Waafrika kama Kamalondo, Kenya na Katuba, na kati ya mji wa Wazungu na mtaa wa kwanza wa Waafrika eneo tupu lililoachwa makusudi. Mwafrika hakuweza kukaa mji wa Wazungu usiku bila karatasi ya ruhusa. Kijana Mkongo angepanga chumba wapi karibu na darasa lake? Chuo kilichompokea kilipaswa kumlaza pia. Mawazo yalikuwa yale yale ya kambi ya Panda: unayemhitaji, unampa paa.

Hivyo ndivyo zilivyozaliwa zile nyumba za kulala wanafunzi ambazo Kongo nzima inaziita homu. Kila mmoja na chumba chake au na mwenzake mmoja, chakula katika mkahawa wa chuo, na posho kidogo ya serikali mfukoni.

1971: nchi nzima inakuja Lubumbashi

Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliviunganisha vyuo vikuu vitatu vya nchi, Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani, kuwa chuo kimoja cha taifa, UNAZA. Vitivo vikagawanywa kati ya miji. Lubumbashi ikapewa barua na fasihi, elimu ya jamii, udaktari wa mifugo, jiolojia na uhandisi wa migodi. Kinshasa ikabaki na sheria, uchumi na udaktari wa watu.

Kwa karatasi yalikuwa mageuzi ya masomo. Kwa maisha ya watu yalikuwa mageuzi ya malazi. Mtoto wa Bandundu aliyetaka kusoma sosholojia ilimbidi avuke nchi mpaka Lubumbashi, mahali asipo na mjomba wala shangazi. Mtoto wa Likasi aliyetaka sheria alienda Kinshasa, zaidi ya kilomita 1500 kutoka kwa mama yake. Mpango wa namna hiyo unawezekana tu kama serikali ina kitanda cha kila anayehamishwa. Miaka ya kwanza, shaba ikiwa na bei, ilijaribu.

Mwaka 1981 UNAZA ilivunjwa, kila chuo kikarudia kujitegemea, na jina UNILU likaanza. Lakini wanafunzi hawakupungua. Homu za kampasi ya Kasapa, nje kidogo ya mji, zilibaki zile zile huku walioandikishwa wakiongezeka kila mwaka.

Wakati baba anaanguka

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani 476,000 hivi za shaba. Mnamo Septemba 1990 mgodi wa chini wa Kamoto, Kolwezi, ukabomoka. Miaka michache baadaye uzalishaji wa mwaka haukufika hata tani 50,000. Mshahara ukachelewa, posho ikakoma, na mwaka 2003 wafanyakazi kama 10,000 waliondolewa kwa mpango uliolipiwa kwa pesa za Benki ya Dunia, ule tunaouita hapa mjini depar volonteri. Mwanahistoria wa UNILU, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikipa kitabu chake cha mwaka 2001 jina linalosema kwamba wana wa Shaba wameachwa na baba yao. Hapa Likasi hakuna anayehitaji kufafanuliwa jina hilo.

Upande wa chuo mambo yalikwenda njia ile ile. Posho ya mwanafunzi ilikuwa ikiliwa na mfumuko wa bei mpaka ikatoweka. Mikahawa ya kampasi ikafungwa. Mzazi akaanza kulipa masomo, mzazi huyo huyo aliyekuwa halipwi. Na baada ya serikali kuruhusu vyuo vya watu binafsi mwaka 1989, mji ukajaa wanafunzi wengine ambao vyuo vyao havikujenga hata kitanda kimoja.

Ndani ya homu likazaliwa neno: makizari. Ni mwanafunzi ambaye hana chumba kwa jina lake, analala kwa mwenzake aliyesajiliwa, sakafuni au kwa zamu kitandani. Jina limetoka kwa wapiganaji wanaojificha msituni, na kweli makizari alijificha: orodha ikisomwa hayumo, msako ukija anatoka dirishani. Chumba cha wawili kikawa cha sita. Maji, choo na umeme vilivyopangwa kwa wawili vikachoka. Tusiwacheke makizari. Wengi wa wanasheria, walimu na wahandisi tunaowaheshimu leo walipata diploma zao kwa njia hiyo, na kila mmoja wao anamkumbuka mwenzake aliyempa nusu ya godoro.

Usiku wa Mei 1990

Hatuwezi kuandika juu ya usalama wa wanafunzi wa Lubumbashi bila kutaja usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990. Mobutu alikuwa ametangaza vyama vingi tarehe 24 Aprili. Kampasi ilichemka, wanafunzi waliwakamata wenzao waliowashuku kuwa wapelelezi wa serikali na kuwapiga. Usiku ule umeme ulikatika kampasini, na watu wenye silaha wakaingia kwenye homu, chumba hadi chumba. Serikali ilikubali mtu mmoja tu aliyekufa. Wengine walisema makumi, na hesabu inabishaniwa mpaka leo. Ubeleji ilisimamisha ushirikiano wake na Zaire.

Wazazi wa Likasi waliokuwa na watoto kule walikaa na hofu bila habari. Kitanda cha serikali, ambacho miaka yote kilionekana kuwa salama kuliko chumba cha mtaani, kilikuwa kimegeuka mtego. Tangu hapo kuna familia ambazo hazitaki kusikia neno homu, hata kama kuna nafasi.

"Wewe ni mtoto wa wapi?"

Miaka miwili baadaye pigo lilikuja hapa hapa. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao Likasi na miji mingine ya Katanga. Maelfu kwa maelfu walilala kwenye stesheni yetu ya gari moshi na katika shule, wakingoja treni ya kwenda Kasai, mkoa ambao wengi walikuwa hawajawahi kuuona. Wagonjwa na watoto walikufa pale wakingoja.

Nalitaja kwa sababu moja. Mwanafunzi anapobisha mlango kuomba chumba, swali la kwanza la mwenye nyumba mara nyingi bado ni lile: wewe ni mtoto wa wapi? Swali lenyewe laweza kuwa la heshima tu, la kujuana. Lakini katika mji ambao watu waliwahi kutolewa ndani ya nyumba kwa sababu ya jibu lake, mwanafunzi analisikia tofauti. Chumba salama ni kile ambacho jibu lako haliwezi kukutoa.

Soko la vyumba

Baada ya sheria mpya ya migodi ya mwaka 2002, makampuni yalirudi Katanga na pesa ikarudi Lubumbashi. Kodi za nyumba zikaanza kutajwa kwa dola. Mwenye kiwanja karibu na chuo aligundua kwamba aneksi ya nyuma, ile iliyokuwa jiko au stoo, inaweza kugawanywa vyumba vitatu na kupangishwa kwa wanafunzi. Tusimlaumu haraka: mara nyingi yeye mwenyewe ni mjane au mstaafu ambaye hana pensheni nyingine ila kuta zile.

Kati ya mwenye nyumba na mwanafunzi akaingia komisyoneri, ambaye hulipwa kwa kukuonyesha chumba na hulipwa tena ukikipata. Na kuna garanti. Chukua mfano: chumba cha dola 30 kwa mwezi. Kwa garanti ya miezi 3 unaweka dola 90. Kwa miezi 6 ni dola 180, na bado hujalipa mwezi wa kwanza, hujanunua godoro, hujamlipa komisyoneri, hujagusa pesa ya masomo.

Hapa sheria inasema wazi, na wazazi wengi hawaijui. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu upangaji wa nyumba, inaweka mpaka wa garanti ya nyumba ya kuishi kuwa miezi 3. Si miezi 6, si miezi 10. Anayedai zaidi anavunja sheria, ingawa majirani wake wote wanafanya hivyo. Garanti pia si zawadi: ni pesa inayorudi kwa mpangaji anapoondoka bila deni na bila kuharibu kitu. Lakini sheria bila karatasi haina mikono. Mwanafunzi aliyelipa mkononi, bila risiti na bila shahidi, atamwambia nini mkuu wa kartie siku akiambiwa ahame?

Mambo ya kuangalia

Historia hii ina mafundisho ya matumizi. Kwanza, ujue kitivo kiko wapi kabla ya kutafuta chumba. Si vyote viko Kasapa. Vingine viko ndani ya mji. Kuna familia zinazolipa chumba karibu na kampasi, kisha mtoto analipa usafiri kila siku kwenda upande mwingine.

Pili, mzazi au ndugu mkubwa aende mwenyewe akione chumba, na akione mara mbili: mchana na baada ya jua kuzama. Mchana utaona kisima, choo na bati. Usiku utaona kama njia ina taa, kama lango linafungwa, na watu gani wanakaa pale nje. Kwa binti swali hili linakuja kabla ya bei. Chumba cha bei ya chini ambacho njia yake ni giza tupu kitamgharimu pesa ya teksi-moto kila jioni, au kitamgharimu zaidi ya pesa.

Tatu, angalia dirisha. Umeme ukikatika, mwanafunzi atapika kwa mbabula, na wakati wa baridi ya Juni na Julai atashawishika kulala nayo ndani. Moshi wa makala usioonekana unaua watu usingizini. Chumba kisicho na dirisha linalofunguka si chumba cha kulala, hata kama ni cha bure.

Nne, andikeni mkataba, hata ukurasa mmoja wa daftari: majina, bei, garanti, tarehe, maji na umeme analipa nani, na sahihi za watu wawili wanaoshuhudia. Mtoto ajitambulishe kwa mkuu wa kartie. Siku ya ugomvi, anayejulikana anasikilizwa.

Tano, msimtume peke yake. Watoto watatu wa Likasi wakipanga nyumba ndogo pamoja wanagawana garanti, mbabula na ulinzi. Makizari walifanya hivyo kwa siri. Kufanya hivyo wazi, kwa majina matatu katika mkataba mmoja, ni bora zaidi.

Wengine wamefanya nini

Si Kongo tu. Dar es Salaam wanafunzi wana neno lao, kubebana, yaani kulala wawili katika kitanda cha mmoja. Ni ndugu wa makizari wetu. Mwaka 2017 serikali ya Tanzania ilizindua mabweni mapya katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840, kwa shilingi bilioni 10. Mwaka huo huo nyufa zilionekana katika kuta na maneno yakawa mengi. Lakini neno moja halikubishaniwa: kwamba kulaza wanafunzi ni kazi ya umma. Kwetu neno hilo ndilo lililopotea. Tunahesabu pesa ya kujiandikisha, pesa ya mitihani, pesa ya vitabu, na katika orodha ile hakuna mstari wa kitanda, kana kwamba wanafunzi hawalali.

Sasa sisi pia ni wenye nyumba

Kuna jambo limegeuka. Likasi leo ina chuo kikuu chake na taasisi nyingine za juu. Watoto wa Kambove, wa Lubudi, wa vijiji vya njiani, wanakuja kwetu na begi na godoro lililokunjwa. Wanabisha milango ya Kikula na Panda, na wengine wanapanga katika nyumba zile zile zilizojengwa kwa wafanyakazi wa kampuni, ambazo familia zetu zilibaki nazo baada ya yote kuanguka. Nyumba ambayo babu yako aliipata kwa sababu ya kazi, wewe sasa unampangisha mwanafunzi.

Basi yale tunayoyalalamikia Lubumbashi tunaweza kuyatenda au kuyaacha hapa. Garanti ya miezi 3 inawezekana Likasi kama mwenye nyumba akiamua. Risiti inawezekana. Taa moja juu ya lango haigharimu sana. Vyuo vyetu vingeweza kuweka daftari moja tu la wenye nyumba wanaokubali wanafunzi kwa mkataba, ili mgeni asianze na komisyoneri. Parokia na makanisa yenye majengo yasiyotumika yangeweza kuyafanya malazi ya mabinti. Na komini ingeweza kubandika kifungu kile cha garanti mlangoni pake, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, mahali kila mtu anapita.

Mwezi ujao mama mmoja wa Likasi atampandisha mtoto wake basi la Lubumbashi, akimwombea apate mwenye nyumba mwenye roho nzuri. Siku hiyo hiyo, mama mwingine wa Kambove atakuwa anamwombea wake, na mwenye nyumba anayemwomba Mungu ampe ni wewe.